Nyimbo 7 nzito za Queen, na kwa nini "Bohemian Rhapsody" si ya kwanza



Likitajwa jina la Freddie Mercury mbele ya Wazanzibari, mazungumzo huwa mafupi, na huwa yale yale. Mmoja atasema, "Ah, huyo mtoto wa Unguja huyo, kazaliwa Mji Mkongwe." Wa pili ataongeza kwamba ndani ya "Bohemian Rhapsody" mna neno "Bismillah". Wa tatu atakunja uso kwa maisha aliyoishi yule bwana. Kisha itapita halua na kahawa, na maneno yatahamia kwengine. Ukiuliza, haya, wimbo wake upi ulio bora, na ubora wake uko wapi? Kimya. Mtu tunamdai, kazi yake hatuisikilizi.

Na wanaomkataa nao hawana tofauti. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe Unguja ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, Jumuiya ya Uamsho ilipinga kwa nguvu. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake pale Shangani, na watalii wanaingia kwa tiketi. Katika kelele zote hizo, za kupinga na za kushangilia, sijasikia mtu akizungumzia muziki. Basi leo niacheni niuzungumzie mimi, kwa njia rahisi kuliko zote: orodha.

Kwanza nieleze mipaka. Nachagua katika nyimbo zao nzito tu, zile zenye gitaa la kutisha au zinazobadilika sura zaidi ya mara moja ndani yake. Najua Queen si bendi ya metali kwa maana ya leo. Lakini metali ile ndefu, yenye kugeuza mapigo kila dakika, inayoitwa metali progresivu, ina deni kubwa kwa albamu zao za 1973 mpaka 1975. Dream Theater, ambao ni wakubwa wa fani hiyo, mwaka 2009 walirekodi upya nyimbo tatu za Queen kwa mfululizo, kama zilivyofuatana katika albamu ya Sheer Heart Attack. Wapenzi wa "Radio Ga Ga" na "We Will Rock You" basi wanisamehe, hizo hazimo.

Vipimo vyangu ni vitatu. Je, wimbo ukibadilika, una sababu ya kubadilika? Je, uzito wake ni wa kweli au ni makelele? Na je, ukiusikiliza mara ya ishirini, bado una kitu cha kukupa? Alama za kuzaliwa Unguja hazitolewi. Tukishika nambari saba twendeni juu.

7. "Mustapha" (1978)

Ndio wimbo unaofungua albamu ya Jazz, na ndio ambao Mzanzibari akiusikia mara ya kwanza ama hucheka ama hunyoosha mkono azime. Mercury anaanza kwa sauti ya kuvuta, kama mtu anayeadhini, kisha gitaa la Brian May linaingia kwa kishindo. Maneno ni mchanganyiko: Kiingereza kidogo, Kiarabu cha kuokota, na mengine ni sauti tu zisizo na maana katika lugha yoyote. Wapo wanaoudhika, na nawaelewa, manake jina la Mwenyezi Mungu si bizari ya kutiwa kwenye mchuzi. Wapo wengine wanaoshika wimbo huu kama cheti cha Uzanzibari wake.

Mie naona Kiarabu hiki ni cha mtu aliyekisikia kwa mbali, si cha aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu. Farrokh Bulsara alizaliwa katika nyumba ya Kiparsi, baba yake akiwa mtunza fedha katika serikali ya Kiingereza, na alipofika miaka 8 akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Hatukatai kuwa sauti za mji zilimpita masikioni. Ila wimbo wenyewe, pamoja na gitaa lake zuri, ni mzaha mmoja uliorefushwa dakika tatu. Hauendi popote. Ndiyo maana uko mkiani.

6. "Stone Cold Crazy" (1974)

Dakika mbili na kidogo, kisha kwisha. Huu ni wimbo wa mbio tupu: gitaa linakata kata, maneno yanamwagika bila ya pumzi, ngoma za Roger Taylor zinafukuzana nayo. Vijana wa metali ya kasi ya miaka ya 80 walifika hapa wakidhani wao ndio wa kwanza, kumbe mlango ulishavunjwa 1974. Metallica waliurekodi upya mwaka 1990 na ukawapa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Hauko juu zaidi kwa sababu moja tu: una wazo moja. Lakini wazo hilo limekamilika, hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

5. "Bohemian Rhapsody" (1975)

Naam, wa tano. Najua nitatukanwa.

Ubora wake haukanushiki. Karibu dakika sita, wakati redio zikitaka tatu. Wiki tisa juu ya chati za Uingereza, na ukarudi tena juu alipofariki mwishoni mwa 1991. Sehemu ile ya kwaya waliijenga sauti juu ya sauti mpaka, kama wanavyosimulia wenyewe, utepe wa kurekodia ukachakaa ukawa wa kuonyesha upande wa pili. Na pale gitaa linapopasuka baada ya kwaya, hakuna shingo inayobaki imetulia.

Tatizo langu liko kwenye viungo. Sehemu zake ni kama vyumba vya nyumba nzuri, kila kimoja na pambo lake, lakini unatoka kimoja unafunga mlango ndio ufungue chengine. Wimbo wa huzuni unasimama, kinanda kinagonga, na kwaya inaanza kana kwamba ni wimbo mwengine. Ustadi upo, ila ni ustadi wa kupanga vitu kwa mstari, na haukui wenyewe kwa wenyewe.

Na ile "Bismillah"? Pale imekaa pamoja na jina la Galileo na la yule mcheshi wa maigizo ya Kitaliani. Kazi yake ni ya sauti: neno refu, lenye kishindo, la kwaya kurushiana. Kusema kwamba hapo ametusalimia sisi ni sawa na kumuona mtu kwenye televisheni kajifunga kanga, ukasema huyu shangazi yangu.

4. "Ogre Battle" (1974)

Wangapi wanajua kwamba yule bwana wa kinanda alitunga wimbo huu kwa gitaa? Unatoka katika Queen II, na unaanza kwa mwisho wake wenyewe uliopigwa kinyumenyume, mpaka mwanzo na mwisho vinagusana kama nyoka aliyeuma mkia wake. Kisa chake ni vita vya mazimwi, hadithi ya kitoto, lakini ndani yake mna vita kweli: gitaa linakwaruza, watu wanapiga mayowe, gongo linalia. Kila anayesema Queen ni bendi ya nyimbo laini nampa huu asikilize kwanza, kisha tuzungumze.

3. "Innuendo" (1991)

Ulitoka Januari 1991, miezi kumi kabla ya kifo chake. Alikuwa mgonjwa, na wenzake wakijua. Unaanza kwa pigo la bolero, zito, la pole pole, kama msafara unaopanda mlima. Halafu katikati, ghafla, gitaa la Kihispania, na mmoja wa wapigaji wake ni mgeni, Steve Howe wa bendi ya Yes. Baada ya hapo muziki unaelea kidogo, kisha sauti ile ile ya Kihispania inarudi, safari hii kwa gitaa la umeme, kwa nguvu zote.

Hapo ndipo unapouzidi "Bohemian Rhapsody". Mabadiliko yake yanakumbukana: kile ulichokisikia kwa nyuzi laini unakisikia tena kwa chuma. Anayeujua udi atakisikia pia kitu cha karibu naye, kwani gitaa la Andalusia na udi ni jamaa wa damu. Na sauti ya mgonjwa haiombi huruma hata mara moja.

2. "The Prophet's Song" (1975)

Wengi hawaujui, na uko katika albamu ile ile ya "Bohemian Rhapsody". Unapita dakika nane, mrefu kuliko wimbo wao wowote wa kuimbwa. Umetungwa na Brian May kutokana na ndoto: mzee anaonya watu juu ya gharika, nao hawasikii.

Katikati ala zote zinanyamaza. Inabaki sauti ya Mercury peke yake, lakini mashine inairudisha nyuma yake mara ya pili na ya tatu, mpaka mtu mmoja anakuwa jamaa nzima, wanaitana na kuitikiana. Aliyewahi kukaa kwenye maulidi ya homu, akaona safu ya watu wakiinama na kuinuka, sauti ikitoka upande huu ikipokewa upande ule kama mawimbi, ataelewa mara moja muziki huu unataka nini. Haimaanishi Brian May aliwahi kusikia homu. Namaanisha sisi tuna ufunguo wa chumba hichi, na tunaupita mlango wake kwa sababu kimaandishi hamna neno letu ndani.

1. "The March of the Black Queen" (1974)

Huu ndio mfalme, au niseme malkia. Uko katika upande wa pili wa Queen II, upande walioupa jina la Mweusi, ambao nyimbo zake zote ni za Mercury. Alikuwa na miaka 27 ulipotoka. Ndani ya dakika sita na nusu mna kinanda, mna gitaa zito, mna kwaya, mna mzaha, mna mahali pa kunong'ona kama anayesali, kisha mbio tena. Vipande ni vingi kuliko vya "Bohemian Rhapsody", lakini hapa huoni milango. Kila kipande kinamzaa chenzake, na kabla hujajua umeshavuka. Hata mwisho wake hauishi, unamwagikia moja kwa moja katika wimbo unaofuata. Jukwaani hawakuwahi kuupiga wote, walipiga kipande tu.

Kuna mahali ndani yake sehemu moja ya muziki inahesabu mbili mbili na nyengine inahesabu tatu tatu, kwa wakati mmoja. Wazungu wanaosomea muziki wanalitaja hilo kama ajabu ya bendi ya roki. Kwetu ajabu iko wapi? Tatu juu ya mbili ni chakula cha kila siku cha ngoma zetu. Marehemu Bi Kidude na msondo wake wa unyago alikuwa akiyapisha mapigo hayo huku akitabasamu. Na hapa Oman, nendeni mkasikilize lewa ikipigwa Batina au Sur: ngoma ile kubwa mpaka leo inaitwa musundo, jina lilovuka bahari pamoja na mapigo yake.

Sidai kwamba Mercury aliyachukua Unguja. Hakuna ushahidi, na mimi si mtu wa kuzua. Ninachodai ni kikubwa zaidi: kwamba wimbo wake mgumu kuliko zote ndio ambao masikio yetu yameandaliwa kuusikia, na sisi tumebaki kushangilia neno moja katika wimbo mwengine.

Kwa nini nahangaika na haya? Kwa sababu najua kumdai kwetu kunatoka wapi. Farrokh na wazee wake walitoka Unguja 1964, yeye akiwa na miaka 17. Ni mwaka ule ule uliotutoa wengi wetu, au waliotuzaa. Wengine wakaishia London kama yeye, wengine wakaja Muscat baada ya 1970. Mtu aliyehama hutafuta jamaa kila mahali, hata kwenye jalada la albamu. Hiyo si aibu.

Lakini yeye hakuacha wimbo hata mmoja unaoitaja Unguja. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa "Mustapha", aliyetoa wimbo unaoitwa "Zanzibar" ni Billy Joel wa New York, na Zanzibar yake ni jina la baa! Ukitafuta nchi yako katika maneno ya nyimbo utapata baa ya Marekani na Kiarabu cha kuokota. Kilicho chetu kweli hakimo katika maneno ya Mercury. Kimo katika namna tunavyosikiliza: kungoja kama tunavyongoja bashraf imalizike ndipo mwimbaji aanze, kupokea kama homu, kuhesabu kama msondo. Hivyo hatukuviacha bandarini 1964, na hakuna makumbusho yanayoweza kuvikatia tiketi.

Sasa uwanja ni wenu. Wa kunitukana kwa sababu ya nambari tano na anitukane, ila aje na orodha yake, na chini ya kila wimbo aandike sababu. "Kazaliwa kwetu" si sababu.

Wasalaam,
Muscat