Nauli ya Meli na Ngano ya Basotu: Uhakiki wa Hoja ya Umbali

Kila inapozungumzwa bei anayolipwa mkulima wa Hanang au wa Mbulu, iwe katika semina za makada au katika madarasa ya uchumi, hutokea hoja moja ambayo hukubaliwa haraka mno. Husemwa kwamba wilaya hizi ziko mbali na bahari, kwamba soko liko ng'ambo, na kwamba nauli ya meli ni gharama ya umbali. Na kwa kuwa umbali haukuwekwa na binadamu, basi hakuna wa kuulizwa. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ina ukweli nusu, na katika mambo ya uchumi ukweli nusu humnufaisha yule anayeshika daftari. Makusudio yetu ni kuichambua kwa kuonyesha jinsi nauli ya meli inavyopigiwa hesabu hasa, na jinsi hesabu hiyo inavyopanda mpaka Katesh na Dongobesh.

Tuanze na mzigo wenyewe. Katika shehena ya mchanganyiko mwenye meli hupima mara mbili, uzito na ujazo. Tani moja ya kilo 1,000 na mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kitu kimoja, kisha mwenye mzigo hutozwa kwa kipimo kile kinachotoa idadi kubwa zaidi. Nondo hulipa kwa uzito. Magodoro hulipa kwa ujazo. Kanuni hii yenyewe si dhuluma, maana meli hujaa kwa njia mbili: ama imezama kufikia alama yake, ama imekosa nafasi. Lakini haiziangukii nchi zote sawasawa. Nchi inayoagiza mitambo hulipia hewa iliyomo ndani ya mitambo hiyo.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Kuanzia mwaka 1970 Serikali yetu na ile ya Kanada zilishirikiana katika mradi wa ngano, na mradi huo ukazaa mashamba makubwa saba ya NAFCO katika nyanda za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Kilimo kilikuwa cha mashine, na mashine zilitoka Kanada. Sasa tukisie kombaini moja yenye uzito wa tani 8, urefu wa mita 8, upana wa mita 3 na kimo cha mita 4. Ujazo wake ni mita 96. Nauli italipwa kwa 96, wala si kwa 8. Hata ikifunguliwa vipande vipande na kutiwa masandukuni, bado ujazo utaushinda uzito. Na tusisahau kwamba mradi ulianza wakati mfereji wa Suez umefungwa, tangu Juni 1967 hadi Juni 1975, hivyo meli yoyote iliyotoka Atlantiki ilibidi izunguke Rasi ya Tumaini Jema. Ngano ile ilisifiwa kuwa inaokoa fedha za kigeni. Iliokoa kiasi fulani, hatukatai. Lakini kabla mbegu haijaangukia udongo wa Hanang, fedha za kigeni zilikwisha kulipwa kwa ajili ya mashine, vipuri na nafasi yao melini.

Baada ya kipimo huja daraja la bidhaa, na hapa ndipo hoja ya umbali inapoanza kuvunjika. Kwa miaka mingi makampuni makubwa ya meli yaliunda umoja kwa kila njia ya bahari, na kila umoja ulikuwa na kitabu chake cha viwango. Ndani ya kitabu hicho tani ya kahawa na tani ya katani, katika meli ileile, kutoka bandari ileile kwenda bandari ileile, ziliweza kutozwa nauli mbili tofauti. Umbali ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni uwezo wa bidhaa kustahimili tozo. Nauli ya namna hiyo haina tofauti kubwa na kodi, isipokuwa anayeitoza hakuchaguliwa na mtu yeyote.

Nchi changa zilijaribu kuupinga mpango huo. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilianzisha kampuni yao ya meli ya Afrika Mashariki, na mwaka 1967 sisi na China tukaunda SINOTASHIP. Mwaka 1974, mjini Geneva, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za umoja wa meli ambazo kwa desturi hufahamika kwa tarakimu 40-40-20: sehemu mbili za asilimia 40 kwa meli za nchi mbili zinazofanya biashara, na asilimia 20 kwa wengine. Zilianza kutumika Oktoba 1983. Kufikia hapo Jumuiya yetu ya zamani ilikwisha vunjika tangu 1977, na kampuni ile ya nchi nne haikudumu baada yake. Wako ndugu wanaolisimulia jambo hili kama msiba wa kukosa meli tu. Hatukubaliani nao. Kampuni ya taifa iliyoingia ndani ya umoja wa wenye meli ilipaswa kutoza viwango vya umoja huohuo. Bendera ilibadilika mlingotini, kitabu cha viwango kikabaki mezani. Ulaya ilikuja kuuondolea umoja wa namna hiyo kinga ya kisheria Oktoba 2008, lakini wakubwa wa makontena wamejipanga upya katika miungano ya kushirikiana meli.

Kontena limerahisisha hesabu kwa sura ya nje. Sanduku la futi 20 lina bei yake, liwe na mbaazi au liwe na viatu. Lakini juu ya bei hiyo hupandishwa nyongeza: ya mafuta, ya msongamano wa bandari, ya hatari ya vita, ya kuhudumia kontena bandarini, na faini ya kulichelewesha. Mara nyingi nyongeza hizo ndizo zinazomshangaza mwenye mzigo, kwa kuwa alipatana bei ya sanduku akadhani amemaliza. Meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zilirudi kwenye njia ya Rasi, na katika mwaka 2024 nauli zilipanda hata katika njia zisizogusa bahari hiyo, kwa sababu safari ndefu zilimeza meli na makontena ya dunia nzima.

Kwa shehena ya kichele, yaani ngano inayomwagwa ndani ya meli bila magunia, meli hukodiwa nzima, na kiwango cha ukodi huinuka na kushuka kila siku. Kipimo chake mashuhuri hutangazwa London, katika Baltic Exchange. Tarehe 20 Mei 2008 kilisimama 11,793. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo kilikuwa 663. Bahari haikupungua hata hatua moja kati ya Mei na Desemba. Kilichopungua ni biashara ya dunia, kwa msukosuko wa mabenki ya mabepari, na meli zikabaki nyingi kuliko mizigo. Tunawaomba wenzetu wa hoja ya umbali watueleze tarakimu hizo mbili kwa kutumia ramani.

Sasa turudi kwa mkulima. Mbaazi za Hanang na Babati zina mnunuzi mkubwa mmoja, India. Bei inayotajwa sokoni yaweza kuwa ya namna mbili: CIF, ambamo bima na nauli hadi bandari ya India vimo ndani, au FOB, ambayo huishia mzigo unapopakiwa melini Dar es Salaam. Mnunuzi akianzia na bei ya Mumbai, huondoa nauli, huondoa bima, huondoa gharama za bandari, huondoa lori, huondoa gunia na faida yake. Kinachosalia ndicho huitwa bei ya mkulima. Maana yake ni kwamba mkulima hulipia meli ambayo hajawahi kuiona wala hakuletewa hati yake. Tarehe 5 Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, bei ilianguka vibaya, na hapo sababu haikuwa nauli. Tunalisema hili makusudi, kwa kuwa nauli nayo hugeuzwa kisingizio. Bandari ya Dar es Salaam hupokea makontena mengi yaliyojaa kuliko yanayoondoka yakiwa yamejaa, na mwenye meli hulazimika kurudisha matupu Asia. Muuzaji wa mbaazi anayejua jambo hilo ana la kusema mezani. Chama cha msingi kisichouliza kama bei iliyotajwa ni ya Mumbai, ya melini au ya ghalani Katesh, kimekubali makato kabla ya kuyaona.

Upande wa kununua, nauli hurudi tena. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, thamani ya bidhaa iliyokuja kwa meli huhesabiwa pamoja na nauli na bima. Kitu cha dola 1,000 chenye nauli na bima ya dola 200, kwa ushuru wa asilimia 25, hulipa dola 300 badala ya 250. Nauli imetozwa ushuru.

Hata hivyo haitoshi kulaani. Nauli hiyohiyo ni ukuta kwa mzalishaji wa nyumbani: vitunguu saumu vya Mbulu hupata nafuu kila kontena la kutoka China linapopanda bei, na ngano ya Hanang vivyo hivyo. Lakini ukuta huo una tundu. Ngano ya ng'ambo hushushwa Dar es Salaam, kwenye malango ya vinu vikubwa. Ngano ya Hanang inakwenda huko kwa lori zaidi ya kilomita 600, na tani moja kwa kila kilomita ya barabara hugharimu mara nyingi zaidi ya kilomita ya bahari. Hivyo umbali unaomwumiza mkulima wa Basotu ni wa nchi kavu, jambo ambalo wenye hoja ya umbali wangelijua kama wangeitazama hesabu badala ya ramani.

Na hesabu yenyewe ilikuwa na pengo. Ngano ya Basotu ilipolinganishwa na ya kuagiza, upande wa ngano ya ng'ambo uliandikwa nauli, bima na ushuru wa bandari hadi senti ya mwisho. Upande wa pili ardhi ya malisho ya Wabarbaig, ambayo kijiji cha Mulbadaw kiliipigania mahakamani dhidi ya NAFCO hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985, iliandikwa kana kwamba haikuwa na bei.