Mstatili Kwenye Mteremko

Ukipanda Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutoka Uchira, joto linabaki nyuma, migomba na kahawa vinaanza, na ua tambarare unakuwa wa kutafuta kwa tochi. Kila kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, kimelala upande. Ndiyo maana fundi wa projekta huku hubeba pimamaji kwenye begi lake, pamoja na futi kamba na uzi wa waashi.

Msimu wake ni Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani. Vijana wanataka mpira, watoto wanataka katuni, na mwenye nyumba anataka picha kubwa kuliko ya jirani. Mbabaishaji huweka projekta popote penye soketi, akaielekeza kwenye skrini kimshazari, picha ikatoka pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kisha anabonyeza kitufe cha kunyoosha pembe, na watu wanapiga makofi. Lakini kitufe hicho hakinyooshi mwanga. Kinazima baadhi ya nukta za picha na kuzibana zilizobaki, ndiyo maana majina ya wachezaji chini ya skrini husomeka kama yameloa.

Fundi niliyemtazama hakukigusa. Skrini yake ilikuwa na upana wa mita 3, na lenzi yake huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana, basi meza ikakaa mita 4.5 kutoka skrini. Miguu miwili ya upande wa bonde akaiinua kwa vipande vya mbao. Kisha akavuta uzi kutoka kwenye lenzi hadi pembe moja ya juu ya skrini, akaupima, akauvuta hadi pembe ya pili. Haukulingana. Akasogeza meza kidogo, akapima tena.

"Kijana, si uwashe tuone?" mwenye nyumba akauliza.

"Bado, babu. Meza haijatulia."

Alipowasha, mstatili ulikuwa tayari mstatili. Kilichobaki kilikuwa kuzungusha lenzi ili picha ikolee.

Tamaa ya ukubwa ina gharama yake. Picha ya upana wa mita 3 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya mita 2, na mwanga wa mashine ni ule ule, kwa hiyo kila sehemu inapata chini ya nusu. Na projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wa picha ni giza la chumba chenyewe. Mechi za Uingereza za tarehe 26 Desemba zinazoanza saa tisa alasiri kwao, huku ni saa kumi na mbili jioni, jua halijazama. Kwa hiyo fundi akaihamisha kazi yote kutoka uani hadi sebuleni, akafunika madirisha kwa blanketi, akapunguza picha hadi mita 2 na kuanza vipimo upya. Babu hakufurahi. Mimi nilikuwa upande wa fundi.

Mlima nao una masharti yake. Mashine nyingi zina mpangilio wa miinuko, wa kuongeza kasi ya feni kuanzia kama mita 1,500, kwa sababu hewa nyepesi haipoozi vizuri. Vihamba vya juu, kuelekea msituni, hufika huko. Lenzi iliyotoka kwenye baridi ya nje huvaa ukungu ndani ya chumba chenye watu, na kuifuta ni kujisumbua. Huachwa ipate joto taratibu.

Nyaya alizimaliza kabla watu hawajakaa. King'amuzi, amplifaya na projekta vyote vikachomekwa kwenye ekstensheni moja, maana vikitoka kwenye soketi mbalimbali spika huweza kunguruma hata pasipo sauti yoyote. Waya wa HDMI ulipita ukutani, mbali na miguu ya watoto. Akawasha projekta kwanza, king'amuzi baadaye, ili viwili hivyo vitambuane. Visipoelewana skrini hubaki nyeusi na lawama huangukia waya.

Mwisho ikawa sauti. Projekta huchelewesha picha kidogo ikiichakata, sauti ikapitia amplifaya na kutangulia. Fundi akatazama midomo ya mtangazaji, akaichelewesha sauti kidogo kidogo. Kazi hii ya kuoanisha sauti na picha ina ukoo mrefu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulizungusha kwa lori filamu za kilimo, afya na kuweka akiba posta. Sauti zake zilikuwa kwenye sahani za santuri, na ilibidi mtu azioanishe na picha. Filamu zilikuwa za kuhubiri mno kwa maoni yangu, lakini huyo wa santuri ningependa kumwona kazini.

Mechi ilipoisha, mjukuu mmoja alitaka kuchomoa ekstensheni achaji simu. Fundi akamzuia hadi feni ya projekta ilipomaliza kuipooza taa na kusimama yenyewe.