Mwitu Mdogo wa Mlali na Macho ya Waandishi

Fasihi ya Kiswahili imejaa bahari, mji na shamba, lakini mwitu mdogo haumo. Neno hili litaonekana zito kwa mtu akumbukaye hadithi nyingi zenye misitu ndani yake. Lakini misitu hiyo ikikaguliwa itakutwa ni ya namna moja: mikubwa, ya mbali, yenye giza, isiyo na mwenyewe. Mwindaji hupotea humo, zimwi hukaa humo, na shujaa aliyefukuzwa hujificha humo. Katika habari za Fumo Liongo mwitu ni makao ya Wasanye na Wadahalo, watu wa upinde, nao huanza pale mji unapokoma. Ama mwitu wa ekari mbili au tatu, uliozungukwa na mashamba ya nyanya na mahindi, ambao kila mtoto wa kijiji anajua njia zake na anajua pia pale asipopaswa kukanyaga, huo bado unamngoja mwandishi wake.

Misitu midogo ya jinsi hiyo ni jambo la kawaida Uluguru, na Mlali ni mahali pema pa kuitafakari. Mji huo mdogo uko chini ya milima, upande wa magharibi, katika wilaya ya Mvomero, pale ambapo njia ya kwenda Mgeta huanza kupanda. Juu kabisa iko misitu mikubwa ya mvua, iliyotiwa mipaka ya serikali tangu zama za Wajerumani na kufanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Misitu hiyo haikukosa watetezi, maana ina ndege na mimea isiyopatikana penginepo duniani, na wataalamu wametoka mbali kuja kuihesabu. Chini, kwenye nchi ya miombo, mambo ni mengine. Huko vipande vya miti ya majani mapana, mikuyu penye maji, mininga na miyombo penye ukavu, vimeachwa kusimama juu ya makaburi ya wazee au kandokando ya chemchemi. Mto Mlali wenyewe ni mmoja wa mito inayoingia katika bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro hunywa maji yake. Kwa hiyo mtu wa mjini ana sehemu yake katika kivuli asichopata kukiona.

Kwa nini vipande hivyo vilisalimika? Jibu la haraka ni kwamba watu waliogopa. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli wa mpita njia. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi yao ardhi ilikuwa mali ya lukolo, ikasimamiwa na mndewa wake. Asiye wa ukoo, na hata mtoto aliyezaliwa na mwanamume wa ukoo, alilima kwa kuazima, akatoa ngoto, kitu kidogo cha kila mwaka kilichokiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mazao ya msimu hayakuleta neno. Mti wa kudumu ulileta, kwa sababu apandaye mwembe au mnazi hapandi kivuli tu, bali hudai kwamba yeye na wanawe watakuwapo siku ya kuvuna. Ndiyo maana kupanda miti katika ardhi ya kuazima kuliwagonganisha baba na wajomba mara nyingi. Sasa mwitu usiopandwa na mtu yeyote ulikuwa na cheo cha peke yake. Hakuna mmoja aliyeweza kusema ni wangu, na kwa sababu hiyo ulikuwa shahidi wa wote kwamba wazee fulani walifika hapa kwanza na kuzikwa hapa. Ulikuwa hati kabla ya hati.

Wala haifai kuupamba kupita kadiri yake. Hati humfaa aliyeandikwa ndani yake, na mgeni aliyekuja Mlali kulima nyanya aliweza kuuona mwitu huo kuwa mlango uliofungwa. Ugomvi wa mpwa na mtoto juu ya mti mmoja si jambo la amani. Lakini hasa hapo ndipo penye riwaya! Ni ajabu kwamba mgongano uliojaa nia, haki mbili zinazoshindana, na makaburi yanayosikiliza, umepitwa na waandishi wakienda kutafuta visa mbali zaidi.

Shaaban Robert, katika *Utubora Mkulima*, kitabu kilichotoka mwaka 1968 baada ya kufa kwake, alimtoa mtu wake katika kazi ya mjini akampeleka Busutamu kulima. Hakuna mwandishi aliyelipa shamba heshima kuliko hiyo. Lakini heshima yenyewe ni ya jembe na bustani, yaani ya ardhi iliyotiishwa. Ardhi iliyoachwa kwa makusudi haina nafasi katika maadili yake, kwani kuacha huko kungefanana mno na uvivu. Euphrase Kezilahabi alikwenda njia ya kinyume katika *Nagona* (1990). Kwake msitu ni fumbo la fikra, na msomaji huutembelea kama atembeleavyo ndoto. Kazi hiyo ni kubwa, lakini mti wake hauna jina la mti, wala hakuna mtu awezaye kuuliza ni wa ukoo gani. Wanahistoria nao hawakufanya vizuri zaidi. Kolelo, mzimu wa pangoni huko Uluguru ulioheshimiwa kwa mambo ya mvua na mavuno, umeandikwa kwa sababu jina lake liliingia katika habari za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Tambiko dogo la tombo moja halina vita, na kwa hiyo halina kitabu.

Upungufu huu una mizizi katika msamiati. Lugha ina maneno mengi ya mahali penye miti, na karibu yote yamepindishwa yakawa matusi au onyo. Mwitu umetoa nguruwe mwitu. Koko limetoa mbwa koko. Mtu wa pori ni mtu asiyefunzwa. Watu wa pwani waliwaita jirani zao Wanyika, na wenyewe hawakulipenda jina hilo, wakajiita Mijikenda. Kaya zao, ambazo nazo ni misitu midogo yenye makaburi na sala, ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kilichobaki kwa kipande cha ekari mbili ni neno kichaka, na kichaka ni mahali pa nyoka na mwizi. Jambo hili si mchezo wa kamusi. Afyekaye kichaka husifiwa kwa usafi, na afyekaye msitu hushitakiwa. Shoka ni lile lile na miti ni ile ile. Tofauti imo katika nomino. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawaruhusu wanakijiji, na hata vikundi vidogo, kuwa na misitu yao iliyohifadhiwa, lakini mlango huo hautapitiwa na mtoto aliyefundishwa shuleni kuita miti ya bibi yake kichaka.

Waingereza, ambao nchi yao ina misitu midogo kuliko mikubwa, wanaweza kutoa mfano mmoja. Kwao mwitu unaojulikana kuwapo tangu mwaka 1600 huhesabiwa kuwa wa kale, hata ukiwa mdogo namna gani, na mara nyingi una jina lake katika ramani. Thomas Hardy aliandika *The Woodlanders* mwaka 1887 juu ya kijiji kilichomo ndani ya miti ya namna hiyo. Nguvu ya kitabu haitoki katika sifa za majani. Inatoka kwa Marty South, binti maskini akeshaye usiku akichonga vijiti vya kushikizia nyasi za paa, na katika hukumu za ardhi zinazomnyang'anya Giles Winterborne nyumba na mchumba. Miti kwa Hardy ni kazi, kodi na urithi kabla ya kuwa uzuri. Mwandishi wa Uluguru hana haja ya kuiga theluji wala mialoni. Ngoto na lukolo vinamtosha.

Hata hivyo kuna kitabu kimoja cha Kiswahili kilichofika karibu. Muhammed Said Abdulla alichapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, baada ya kushinda nacho katika mashindano ya uandishi. Bwana Ali, mwenye shamba, ameuawa, na kifo chake kimefungamana na mahali panapoogopwa. Watu wako tayari kuyaachia mambo ya kuzimu. Bwana Msa anakuja na kiko chake, anauliza, anapima, na hatimaye mwuaji ni mwanadamu mwenye sababu za kibinadamu. Kwa upelelezi ni ushindi. Kwa mahali penyewe ni hasara, maana mwandishi amepapa kazi moja tu, ya kutisha, na tisho likiondoka pamebaki patupu, kana kwamba watu wa kale hawakuwa na jambo jingine la kuwaambia walio hai juu ya mipaka, maji na jamaa. Lakini kichwa cha kitabu kimehifadhi kitu ambacho kisa chake hakikukitumia. Wasomaji wengi wa leo wakisikia mzimu hudhani ni kivuli cha maiti kitembeacho usiku. Katika Kiswahili cha zamani neno hilo lilikuwa pia jina la mahali: chini ya mbuyu, pangoni, au penye miti iliyoachwa, ambapo watu walipeleka sadaka na haja zao. Abdulla alilitumia kwa maana hiyo. Mzee wa Mlali akiuliza ni neno gani la Kiswahili liitwe lile la nyumbani kwake, jibu limekuwapo juu ya jalada tangu mwaka 1960.