Mfupa wa Ishango na sifa zake

Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Alipata humo mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye kijiwe kikali nchani na mikato mingi iliyopangwa katika safu tatu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Leo umewekwa Brussels.

Wengi wausifu hivi: safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19, namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, basi watu wa Ishango walizijua namba hizo. Sisi hatukubali. Kuzitambua kwataka kwanza ujuzi wa kugawanya, na namba nne zaweza kukutana tu. Alexander Marshack naye aliona humo hesabu ya mwezi wa mbinguni. Labda, lakini penye mikato mingi, kila atafutaye hupata lake.

Kinachotushika sisi ni safu nyingine: 3 kando ya 6, 4 kando ya 8, kisha 10 yafuatwa na 5 na 5. Huo ni mkono wa mtu azidishaye kwa mbili. Tena zile safu mbili zilizobaki, kila moja jumla yake ni 60 kamili! Sifa hii yatosha kufundishwa shuleni. Ile ya kwanza, mtoto akiichunguza na kuiona dhaifu, ataitupa pamoja na hii.

Kwa sasa mwalimu wa Beni atakaye kuhesabu mwenyewe ategemea picha, na picha moja haionyeshi safu zote tatu.