Mstari Ufike Safu ya Mwisho

Kila ifikapo Februari, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, hugeuka ukumbi wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Sharti lake linafahamika: msanii apige na kuimba papo hapo, hakuna kuchezesha midomo juu ya muziki uliorekodiwa. Sharti hilo limeipa heshima kazi ya mpiga udi, mpiga ngoma na mwimbaji, na nalitetea bila kigugumizi. Lakini kupiga laivu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maneno kusikika. Katika muziki wa pwani, na katika mashairi yanayoghaniwa jirani nao, mtu hutoka kwake kufuata maneno. Kwa hiyo jukwaa la muziki huu lapaswa kupangwa kuanzia mstari wa shairi, kisha vyombo vifuate.

Taarabu ina kipimo chake cha jambo hili, nacho ni kutunza. Shabiki hainuki ovyo. Husubiri mstari unaomgusa, au unaomgusa jirani yake, ndipo anapokwenda mbele na noti mkononi, taratibu, kila mtu amwone. Tazama watu wanainuka lini. Wakiinuka katikati ya ubeti, punde tu mstari unapotua, maneno yamefika. Wakiinuka pale tu ngoma inapochangamka, wamefikiwa na mdundo na shairi limepotea njiani. Fundi mitambo mwenye macho husoma ukumbi kwa njia hiyo bila kuhitaji chombo chochote.

Wazee waliliweza hili kabla ya spika kubwa kufika. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kundi dogo, vyombo vichache vikimzunguka. Hata vikundi vikubwa, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vilishika utaratibu uleule japokuwa safu za wapigaji ziliongezeka. Onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, muziki mtupu usio na mwimbaji. Hapo fidla, kanuni, kodiani na udi hupata nafasi ya kujimwaga. Mwimbaji akiingia, vyombo hurudi nyuma. Havikai kimya: hufuata mahadhi yale yale anayoimba, kila kimoja kikiyapamba kwa namna yake, na hasa hujibu pale anapovuta pumzi. Mstari ukiisha, fidla zinaudaka. Kisha waitikiaji wanaurudia, na aliyekuwa akizungumza na jirani yake anapata nafasi ya pili ya kuusikia. Kusikika kwa maneno kumo ndani ya utunzi wenyewe, wala hakukuachiwa mitambo.

Shairi nalo lina msaada wake wa ndani. Chukua tarbia: mistari minne katika ubeti, mizani 16 kwa mstari, nane za ukwapi na nane za utao, vina kati na mwisho. Msikilizaji aliyekwisha sikia mistari miwili anajua sauti gani inakuja mwishoni mwa wa tatu, na hata akikosa silabi moja, sikio lake linaijazia. Kina ni akiba anayowekewa msikilizaji kwa ajili ya upepo, kikohozi na mlio wa bodaboda nje ya ukuta. Halafu kuna kituo, mstari wa mwisho ambao ukirudiwa kila ubeti hadhira huupokea yenyewe. Malenga anayeghani mizani tatu kwa sekunde humaliza mizani 64 za ubeti kwa sekunde 21 hivi. Weka na mapumziko, ni nusu dakika. Beti nane ni dakika nne. Hesabu hiyo ndogo ingefaa ijulikane na kila anayepanga ratiba.

Sasa tuingie ndani ya ngome. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene na ndefu. Ni mahali pazuri mno kwa macho, lakini pagumu kwa sikio. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukikaa mita 25 mbele ya ukuta wa nyuma, neno linakupita, linagonga ukuta na kukurudia baada ya sekunde 0.15. Mwangwi ukichelewa zaidi ya sekunde 0.05 hivi, huanza kuyachafua maneno. Sasa fikiria kijana anayesoma shairi huru kwa haraka, mizani sita kwa sekunde. Kila mizani inachukua sekunde 0.17. Maana yake mwangwi wa mizani iliyopita unamwangukia msikilizaji karibu sawasawa na mizani inayofuata. Maneno mawili yanapandana. Mghani wa jadi, anayevuta silabi na kutua ukwapini, hapati taabu hiyo, kwa sababu mwangwi unazimikia ndani ya mvuto wake.

Mitambo ikionekana haisikiki, wengi hukimbilia kuongeza sauti. Katika uwanja wenye kuta, kuongeza sauti ni kuongeza mwangwi pia. Dawa ni kupunguza nguvu ya spika za mbele, kuziinamisha kuelekea vichwa vya watu badala ya ukuta, na kuweka spika ndogo karibu na waliokaa nyuma. Spika hizo zikiwa mita 20 kutoka jukwaani, fundi huzichelewesha kwa milisekunde 58 hivi, ili sauti ya spika hizo ndogo na ile inayotoka mbele zimfikie msikilizaji pamoja. Uwanja ukijaa watu, miili na nguo zao hunyonya sauti, kwa hiyo mitambo iliyojaribiwa alasiri uwanja ukiwa mtupu lazima isikilizwe upya usiku.

Kwenye miksa, mpango wa kazi ndio unaoamua. Fundi aliyezoea muziki wa dansi wa klabu huanza na ngoma, kisha besi, kisha gitaa, na mwimbaji anatafutiwa nafasi iliyobaki. Kwa taarabu na ushairi, kazi ianze na maiki ya mwimbaji peke yake. Konsonanti, yaani s, t, k na ch zinazotenganisha neno na neno, hutegemea sana masafa ya kati ya hezi 2,000 na 5,000. Huko huko ndiko kunakong'ara nyuzi za kanuni na sauti kali ya kodiani. Fundi hodari hupunguza kidogo sehemu hiyo kwenye vyombo wakati mwimbaji anaimba, na huirudisha zamu ya vyombo inapofika. Udi una tatizo jingine: tumbo lake lenye uwazi huitikia sauti nzito za spika za jukwaani, na maiki ikikaa vibaya huanza kuvuma. Spika hizo zishushwe, maiki isogezwe, na mpigaji akae zaidi upande wa mwimbaji.

Kanuni inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ina nyuzi zipatazo 78, tatu tatu kwa kila noti, na upande mmoja daraja lake husimama juu ya ngozi iliyowambwa. Ngome inatazama bahari. Jua likizama, unyevu unapanda, ngozi inalegea, daraja linashuka kwa kiasi kisichoonekana, na kanuni iliyokuwa sawa saa kumi jioni imeteleza saa tatu usiku. Nyuzi tatu za noti moja zikiachana kidogo tu, huzaa ukungu wa sauti unaofunika maneno. Mpigaji anahitaji robo saa tulivu kabla ya kupanda, akiwa na ufunguo wake mkononi. Akinyimwa muda huo, atasawazisha nyuzi mbele ya watu, na hadhira itaanza kuzungumza kabla shairi halijaanza.

Vyombo vikiwa vichache, matatizo haya hupungua, ndiyo maana vikundi vidogo vimekuwa na bahati njema kwenye majukwaa haya. Mpiga kanuni Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara wamepunguza safu za okestra na kumwacha mwimbaji na nafasi pana. Siti Amina, aliyepitia chuo cha muziki cha DCMA kilichoanza mwaka 2002, hupiga udi na kuimba mwenyewe, kwa hiyo chombo kinapumua pale anapopumua yeye. Vijana wengine wanaojitegemea bila kampuni ya muziki wanaweza kujifunza hapo. Gitaa moja, sauti moja na ngoma ya mkono, vikipangwa kwa kupeana zamu, vinatosha kuushika uwanja.

Kasoro kubwa ninayoiona katika majukwaa yetu mengi ni mahali anapowekwa malenga. Anaitwa wakati kundi moja linashuka na jingine linapanda. Nyuma yake watu wanaburuta ngoma na kuchomeka nyaya. Mbele yake wanunuzi wa juisi wanapishana. Hana shairi hapo, ana kazi ya kuziba pengo. Mpangilio bora ni kumpa dakika nane jukwaani peke yake, mara baada ya bashrafu na kabla ya wimbo wa kwanza, wapigaji wakiwa wamekaa tayari na mikono imetulia. Masikio yamekwisha funguliwa na vyombo, mitambo imekwisha sawazishwa, na udi unaweza kumsindikiza kwa chini. Kisha mwimbaji anaingia kwa watu walio tayari kufuata maneno.

Yote haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji saa moja zaidi ya kujaribu mitambo, robo saa ya kusawazisha kanuni, na fundi aliyepewa nakala ya beti kabla ya usiku wa onyesho ili ajue mstari gani usipotee. Waandaaji waandike mambo hayo matatu ndani ya mkataba, pamoja na malipo na usafiri. Nasi tuendao kusikiliza tuketi safu ya mwisho angalau kwa wimbo mmoja, na tukikosa neno, tumfuate fundi mwisho wa wimbo tumwambie kwa adabu ni mstari upi haukufika.