Kipokeo cha Gitaa
Katika santuri ya (No Pussyfooting) ya mwaka 1973, Robert Fripp na Brian Eno walipitisha sauti ya gitaa katika mashine mbili za kanda. Ikawa yarudi, na kila mzunguko imefifia kidogo. KT Tunstall, katika televisheni ya BBC mwaka 2004, alikanyaga pedali ya Akai Headrush, inayonasa sauti na kuirudia vile vile: akagonga gitaa, akaimba, akajifanyia waitikiaji wake mwenyewe. Jukwaani nampa yeye ushindi, kwani mtazamaji huona kila jiwe likipangwa. Katika kurekodi jiwe halionekani, na marudio yasiyochakaa hulichosha sikio upesi. Kipokeo cha shairi nacho hurudi neno kwa neno, lakini ubeti uliotangulia umekwisha kukibadilisha maana. Kanda ilifanya kazi hiyo yenyewe; pedali humwachia mpigaji.