Nguzo za Turkana: tusikimbilie mfalme

Tukisikia mawe makubwa yamesimamishwa, mara moja tunauliza: mfalme gani? Swali hilo linatupoteza.

Tuangalie Namoratunga, pale Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, inchi ya Kenya. Mwaka wa 1978, Lynch na Robbins waliandika kama nguzo 19 zilifuata nyota, njo kalenda ya zamani. Ilikuwa tamu kusikia. Lakini mwaka wa 1982, Robert Soper alionyesha kama mawe yenyewe yanavuta sindano ya dira. Ilipaswa kupima upya.

Kosa kubwa zaidi: waliangalia mbingu, wakasahau udongo. Mwaka wa 2018, Elisabeth Hildebrand na wenzake walieleza Lothagam Kaskazini. Miaka karibu 5000 iliyopita, wafugaji walichimba shimo kubwa, wakazika mule, kwa karne nyingi, watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, watoto, karibu bote na mapambo yao. Shimo likijaa, wakafunika na mawe, wakasimamisha nguzo juu. Zingine zilitoka kilometa moja. Alama ya mfalme, hakuna.

Sisi wa Katanga, wenye makaburi ya Sanga, tusikie vizuri: bankambo waliweza kujenga pamoja, bila kuamriwa na mkubwa.